Redio ya Motokaa: Namna ya Kuchagua Inayoshika Vizuri

Mhariri ameniomba niandike jambo lenye manufaa kwa wote, nami nimeona vema nieleze habari ya redio za motokaa. Huenda kijana wa kidato cha kwanza akacheka na kusema, "Mimi sina hata baiskeli, redio ya motokaa ya nini?" Asiharakishe kucheka. Mambo nitakayoyaeleza ni yale yale anayofundishwa katika fizikia, na siku moja baba yake au mjomba wake atamwomba shauri. Tena nina sababu yangu mwenyewe ya kuandika, nayo si ya kuchekesha.

Mwaka jana kitufe cha redio ya zamani katika motokaa yangu kiliharibika. Nikaenda mjini nikanunua mpya, yenye kioo kikubwa kinachong'aa kama sinia la shaba. Fundi aliifunga kwa muda wa nusu saa. Hapa Niboye ilisema vizuri, nami nikaridhika. Majuma mawili baadaye nikaenda Huye kwa shughuli zangu. Wakati wa kurudi, nilipokwisha kupita Nyanza, redio ikaanza kukwaruza kama mtu anayekaanga bisi. Nikaizima kwa hasira. Simu yangu nayo ilikuwa imekwisha moto. Nikapita Ruhango bila kusimama.

Nilipofika nyumbani mke wangu akaniuliza, "Je, mazishi yamekwendaje?" Nikamwuliza, "Mazishi ya nani?" Kumbe mwalimu aliyenifundisha hesabu kwa miaka 4 alikuwa amefariki, na alasiri ile ile alizikwa Ruhango. Tangazo lilisomwa katika Redio Rwanda, kama ilivyo desturi ya nchi yetu kutangaza misiba redioni. Mke wangu alilisikia jikoni, akanipigia simu mara nyingi asinipate. Nami nilipita karibu na kaburi la mwalimu wangu huku redio ya bei kubwa ikiwa imezimwa mbele yangu.

Tangu siku ile niliazimia kujua kwa nini redio moja hushika vizuri na nyingine haishiki. Haya ndiyo niliyojifunza.

HABARI ZA ZAMANI KIDOGO

Redio za motokaa si jambo la jana. Mwaka 1930 huko Chicago, Marekani, ndugu wawili wa ukoo wa Galvin walianza kuuza redio ya motokaa waliyoiita Motorola, na jina hilo baadaye likawa jina la kampuni yao. Redio za wakati ule zilitumia taa za kioo zilizokula umeme mwingi. Katika miaka ya 1950 zikaja transista, na redio zikawa ndogo, zisizochosha betri.

Katika nchi zetu wazee wetu walizoea mawimbi mafupi, yale yanayokwenda juu angani na kurudi chini mbali sana. BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, na Deutsche Welle ya Ujerumani mwaka 1963. Hapa Kigali penyewe, juu ya kilima cha Kinyinya, Wajerumani walikuwa na mitambo mikubwa ya mawimbi mafupi tangu mwaka 1965 mpaka ilipofungwa mwaka 2015. Mtu aliweza kuwasikia akiwa mamia ya kilometa mbali.

Siku hizi mambo yamegeuka. Msikilizaji wa motokaa mjini Kigali hutegemea FM, ambayo sauti yake ni safi kuliko ile ya mawimbi mafupi, lakini haiendi mbali. Basi anayenunua redio ya motokaa leo na ajue kwanza tabia ya FM.

FM HUPENDA KUONA

Mawimbi ya FM yana urefu wa karibu meta 3. Mtajua kwa hesabu ndogo: gawanyeni 300 kwa idadi ya megahezi. Redio Rwanda hapa Kigali iko katika 100.7, na 300 ukigawanya kwa 100.7 wapata meta 2.98. Mawimbi ya namna hii husafiri karibu sawasawa na mwanga. Hayapindi sana kufuata kilima, wala hayarudi kutoka angani kama yale mafupi. Kwa kifupi, antena ya motokaa yako hupenda "kuiona" antena ya stesheni.

Hii ndiyo maana mitambo mingi huwekwa vileleni. Anayesimama mahali pa juu katika Niboye na kutazama kaskazini magharibi, siku isiyo na ukungu, ataona ng'ambo ya mji mlima Jali wenye minara yake. Motokaa iliyo juu ya kilima inapata mawimbi yenye nguvu. Ikishuka bondeni, kilima husimama katikati kama ukuta, na mawimbi hupungua. Nchi ya vilima elfu ni nchi nzuri kwa macho, lakini kwa FM ni mtihani.

Kuna shida nyingine. Mawimbi yanapogonga kilima au jumba refu hurudi kama mwangwi. Basi antena yako hupata wimbi moja lililokuja moja kwa moja, na jingine lililozunguka na kuchelewa kidogo. Mara hukutana yakasaidiana, mara yakapingana. Ndiyo sababu motokaa ikisimama penye taa za barabarani sauti huweza kupotea kabisa, kisha ukisogea meta 1 au moja na nusu ikarudi. Hapo redio haikuharibika; umesogea nusu ya urefu wa wimbi tu. Redio njema hupunguza udhia huo, ila hakuna inayouondoa wote.

Tena kumbukeni kwamba redio ya taifa ina mitambo zaidi ya mmoja, na mtambo wa mahali pengine huwa na masafa yake mwenyewe. Anayetoka Kigali kwenda Huye au Musanze na kushikilia 100.7 njia nzima asilaumu redio ikianza kukwaruza. Atafute masafa ya mahali alipo. Redio nyingi zina kitu kiitwacho RDS, ambacho huweza kuhamia masafa mengine ya stesheni ile ile bila kuguswa, lakini hufanya hivyo tu kama stesheni yenyewe hutuma alama hizo. Kwa hiyo jambo la hakika ni kuyahifadhi masafa ya njia yako katika vitufe kabla ya safari.

MANENO YA KWENYE SANDUKU

Ukiingia dukani, mwenye duka atakuonyesha kwanza maandishi makubwa: "Wati 50 mara 4." Usidanganyike. Wati ni nguvu za kusukuma spika. Hazisaidii hata kidogo kushika mawimbi. Redio ya wati nyingi yenye masikio mabovu itakupa mkwaruzo mkubwa zaidi, basi.

Fungua kijitabu chake utafute mambo matatu.

Kwanza, wepesi wa kusikia. Huandikwa kwa kipimo cha dBf, na hapa namba ndogo ndiyo bora, kwa maana redio yatosheka na mawimbi hafifu. Redio nzuri za motokaa huwa karibu na 8 mpaka 12. Baadhi ya viwanda huandika kwa maikrovolti; 8 dBf ni kama maikrovolti 0.7 kwa antena ya omu 75. Wanafunzi wa fizikia watambue kwamba tofauti ya 6 katika kipimo hiki si ndogo: redio yenye 15 yahitaji nguvu mara 4 kuliko yenye 9.

Pili, uwezo wa kutenga stesheni. Mjini stesheni ni nyingi na zimekaribiana. Redio dhaifu huchanganya ya jirani na ile unayoitaka, kama mtu asiyeweza kumsikia rafiki yake sokoni. Hapa namba kubwa ndiyo bora. Yenye dB 80 humshinda mwenzake wa dB 50.

Tatu, ulizia kama redio hugeuka yenyewe kutoka stirio kuwa sauti moja mawimbi yanapopungua. Stirio hutaka mawimbi yenye nguvu nyingi zaidi. Redio yenye akili huacha stirio polepole bondeni ili maneno yasikike, kisha huirudisha kilimani. Kwa mtu anayetaka habari na matangazo, hili lina thamani kuliko kioo kikubwa.

Kama kijitabu hakina namba hizo hata moja, bali kimejaa picha za rangi na majina ya programu, hiyo nayo ni habari. Redio nyingi za vioo vikubwa hutengenezwa kwa ajili ya sinema, ramani na simu. Sehemu ya kushika mawimbi huwekwa mwisho, tena ya bei ndogo. Sisemi zote ni mbaya. Nasema zijaribiwe. Wahenga walinena: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

REDIO ILIYOZALIWA NCHI NYINGINE

Jambo hili nawaandikia hasa ndugu zetu walioko Kampala, Mombasa na Dar es Salaam, ambako motokaa nyingi zimetumika kwanza Japani. Hapa Rwanda twaendesha upande wa kulia, na motokaa zetu nyingi zina usukani wa kushoto, kwa hiyo hatuzipati sana.

Huko Japani FM huanza 76 megahezi, na kwa miaka mingi ilikoma 90. Siku hizi hufika 95. Kwetu Afrika ya Mashariki huanza 87.5 mpaka 108. Basi redio ya zamani ya Kijapani iliyokoma 90 ikiwa Kampala itaipata CBS katika 88.8, lakini haitaipata Capital katika 91.3. Si mbovu, imefundishwa hesabu za kwao.

Mafundi huuza kifaa kidogo kinachofungwa kati ya antena na redio ili kushusha masafa. Tuseme kinashusha 14. Hapo 91.3 itaonekana katika 77.3, na 100.7 katika 86.7. Lakini fanyeni hesabu: 76 jumlisha 14 ni 90, na 90 jumlisha 14 ni 104. Maana yake utasikia vizuri stesheni zilizo kati ya 90 na 104 tu. Za juu ya 104 zitakosekana, na za chini ya 90 nazo zitaleta taabu. Tena kifaa hafifu huongeza mkwaruzo wake mwenyewe. Shauri langu ni hili: kama fedha zipo, nunua redio ya masafa ya kwetu, kama hazipo, tumia kifaa hicho huku ukijua mipaka yake.

Redio za Kimarekani zina ugonjwa mwingine. Masafa yao ya FM huruka 0.2 kwa 0.2, nayo hukaa kwenye tarakimu witiri tu: 88.7, kisha 88.9. Kwa hiyo 88.8 haipatikani sawasawa. Dawa yake mara nyingi haina gharama: tafuta katika mipango ya redio mahali pa kuchagua eneo, ukaweke Ulaya badala ya Marekani.

ANTENA NDIYO SIKIO

Sasa nafika penye kosa langu. Redio ni ubongo, antena ni sikio. Mwenye akili nyingi akizibwa masikio hasikii.

Antena njema ya fimbo huwa na urefu wa karibu robo ya wimbi, yaani sentimeta 75 kwa FM. Ile fupi iliyo kama pezi la papa juu ya paa hupendeza, lakini kwa kuwa ni fupi huhitaji kisaidizi cha umeme ndani yake. Nyuzi zilizochorwa katika kioo cha nyuma nazo huwa na kisaidizi kama hicho. Kisaidizi kisipopata volti 12 hakifanyi kazi, na hapo redio hupata mabaki tu ya mawimbi.

Motokaa nyingi za Ulaya zina visaidizi vya namna hiyo. Redio ya kiwandani hupeleka umeme huo yenyewe. Ukiiondoa na kuweka redio nyingine, lazima waya wa buluu wa redio mpya, ule wa antena, uunganishwe na kisaidizi, au kinunuliwe kiungo cha bei ndogo cha kupitisha umeme katika waya wa antena. Waya wa manjano ni wa umeme wa siku zote, mwekundu ni wa ufunguo, mweusi ni wa bodi. Ule wa buluu ndio fundi mwenye haraka huusahau, kwa sababu redio huwaka vizuri hata bila huo.

Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Hapa Niboye mitambo iko karibu, mawimbi yana nguvu, kwa hiyo hata sikio lililozibwa lilisikia. Kule mbali, upande wa Ruhango, halikusikia kitu. Kijana mmoja wa Kicukiro, fundi mpole, alichomeka waya mtupu wa sentimeta 75 katika tundu la antena nyuma ya redio. Tukapeleka motokaa bondeni Gikondo, na redio ikasema! Akaniambia, "Mzee, redio yako haina kosa. Antena ndiyo imelala." Akaunganisha waya wa buluu, kazi ya dakika 10. Nilijiona mjinga, kwa maana kama ningejaribu mapema, msiba wa mwalimu usingenipita.

Kwa hiyo, kabla ya kununua redio mpya jaribuni waya ule. Redio ya zamani ikisema vizuri kwa waya mtupu, hamhitaji redio, mnahitaji antena. Tazameni pia kutu chini ya fimbo, pale inaposhikana na bodi. Mwenye mita apime: ncha ya fimbo mpaka ncha ya kichomeo iwe karibu na sifuri, ncha mpaka ganda la nje pasipite umeme kabisa. Kipimo cha pili si cha antena zenye kisaidizi, maana kisaidizi chenyewe huweza kupitisha umeme kidogo.

Kama mkwaruzo hubadilika injini inapoongezwa mwendo, tatizo ni mifumo ya umeme ya motokaa. Kama huanza unapochomeka chaja ya simu, ing'oe chaja. Zimeni vitu kimoja kimoja mpaka mwenye kosa ajulikane. Wenye malori wakumbuke kwamba betri zao ni volti 24, na redio nyingi ni za 12. Bila kifaa cha kupunguza, redio huungua siku ile ile.

KUJARIBU KABLA YA KULIPA

Usilipie redio iliyosikika dukani tu. Mwombe mwenye duka ruhusa ifungwe kwa majaribio, tena mpatane kwa maandishi kwamba isiposhika itarudishwa. Kisha fuata njia yenye mahali pa namna tatu. Mimi natoka Niboye juu, nashuka bondeni Gikondo, napanda mjini kati penye majumba marefu, namalizia Nyabugogo. Chagua stesheni moja yenye nguvu na moja dhaifu, uzisikilize zote mbili kila mahali. Mtu wa pili akae nawe aguse vitufe. Dereva atazame barabara. Hakuna tangazo lenye thamani ya kumgonga mtoto anayevuka.

Sikiliza maneno, usisikilize muziki tu. Muziki huficha makosa mengi, lakini jina la mtu au la kijiji likikatika, tangazo zima limepotea.

Basi, wapenzi wasomaji, nafupisha. Jaribu antena kwanza. Angalia masafa ni ya kwetu. Soma namba za kusikia na za kutenga, uziache zile za wati. Jaribu bondeni, si kilimani tu. Mwisho, hakikisha waya wa buluu haukuachwa ukining'inia.

Mwezi uliopita nilikwenda Ruhango kuwaona jamaa wa mwalimu wetu, nikawaomba radhi, nikapelekwa kaburini. Mjane wake alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Alipokwisha kunisikiliza habari yote ya antena alitabasamu, akasema marehemu angeniuliza swali moja tu: "Ulihakiki jibu lako kabla ya kuleta daftari?" Kweli ndivyo alivyotuuliza kila siku. Ninyi mlio darasani bado mna wa kuwauliza hivyo. Wasikilizeni.

Mwanafunzi wa zamani,
Niboye, Kigali